Gunia au tuta la mawe: kuchagua bustani ya nyuma ya nyumba mjini Goma

Mtu anayeamua kulima mboga nyuma ya nyumba yake hapa Goma hulikuta jiwe kabla ya kuukuta udongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka, ikapita katikati ya mji na kuishia ziwani, na parseli (viwanja) nyingi zilizojengwa upya juu ya mkondo huo mpaka leo zina udongo usiojaza kiganja. Hata mitaa ambayo lava ya mwaka ule haikuifikia imekaa juu ya lava za zamani zaidi, yenye udongo mwembamba uliojificha katika nyufa. Udongo wa volkano una rutuba nyingi, kama anavyoona yeyote aliyefika mashambani Kibumba au Rutshuru, kaskazini mwa mji, lakini jiwe huchukua muda mrefu sana kumomonyoka na kuwa udongo wa kulimwa. Kwa hiyo sisi wa mjini tunaununua udongo, tunaupakia juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na tunaumwaga mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo penye kuchagua. Udongo ulioletwa unaweza kushindiliwa ndani ya magunia yanayosimama kando ya ukuta, au unaweza kumwagwa ndani ya tuta lililozungushiwa kuta fupi za mawe ya lava. Nimelima kwa njia zote mbili katika parseli mbili tofauti, na nimeona majirani wengi wakichagua kwa kuangalia ukubwa wa nafasi peke yake. Kwa maoni yangu nafasi ni jambo la pili. La kwanza ni maji: yanatoka wapi, nani anayabeba, na yanagharimu kiasi gani mwezi wa Julai, wakati mvua zimekoma.

Udongo ule ule, idadi tofauti ya miche

Tuanze na hesabu ya udongo, kwa sababu ndio gharama ya mwanzo na watu wengi huikisia vibaya. Tuta la kawaida la nyumbani lenye urefu wa meta 3, upana wa meta 1 na kimo cha sentimeta 30 humeza lita 900 za udongo na samadi, yaani ndoo 45 za lita 20. Gunia la kilo 100, lile linaloletwa na mahindi au maharage, likikunjwa mdomo na kujazwa vizuri huchukua ndoo 5 na kitu, pamoja na mawe yanayokaa katikati yake. Ndoo zile 45 zinazojaza tuta moja zinatosha basi kujaza magunia 8.

Sasa tuangalie miche. Katika tuta hilo, ukipanda kwa nafasi ya sentimeta 20 kila upande, utapata miche 75. Gunia lililojaa lina mzunguko wa takribani sentimeta 120 na kimo cha sentimeta 80, na ubavuni mwake unaweza kutoboa mizunguko minne ya mashimo, kila mzunguko ukiwa na mashimo sita, kwa nafasi ile ile ya sentimeta 20. Hayo ni mashimo 24 kwa gunia moja na 192 kwa magunia 8, bila kuhesabu mimea mitatu au minne inayokaa juu ya kila gunia. Magunia yote 8 yakipangwa kando ya ukuta hayachukui zaidi ya meta 5 za urefu, na mtu anaweza kupita mbele yake bila kugusa kitu.

Ukisimama hapo, gunia limeshinda kwa mbali. Ndiyo maana mafunzo mengi ya kilimo cha mjini huanza nalo, na ndiyo maana mama anayeishi katika chumba kimoja na kiambaza cha meta 2 hana sababu ya kunisikiliza zaidi: aweke magunia yake, atakula mboga. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua asiishie katika hesabu ya mashimo.

Maji ndiyo yanayoamua

Gunia lina ngozi kubwa na tumbo dogo. Jua na upepo hulikausha kutoka juu na kutoka pande zote, wakati tuta hukaushwa kutoka juu tu, tena juu hapo panaweza kufunikwa. Katika siku za jua kali, bustani yenye majani mengi huhitaji lita 4 hadi 5 za maji kwa kila meta 1 ya mraba, kwa hiyo tuta la meta 3 za mraba huridhika na lita 15 hivi kwa siku, na ukilifunika kwa majani makavu ya mgomba au nyasi zilizokatwa, huvumilia hata ukiruka siku. Gunia moja wakati huo huo hunywa lita 5, na mimea ya ubavuni, ambayo mizizi yake iko karibu na ukuta wa gunia, hulegea mchana kabla hujagundua kwamba asubuhi hukuimwagilia. Magunia 8 ni lita 40, yaani mabidoni (madumu) mawili ya lita 20 kila siku, dhidi ya bidoni moja lisilojaa la tuta.

Kwa mtu aliye na bomba linalotoa maji kila asubuhi, tofauti hiyo si kitu. Kwa familia inayotuma watoto ziwani au inayonunua maji kwa bidoni, mabidoni mawili kwa siku ni 60 kwa mwezi, na mboga hugeuka kuwa ghali kuliko za sokoni. Nimeona magunia mazuri kabisa, yaliyoshonwa na kutobolewa kwa uangalifu wote, yakigeuka vumbi ifikapo wiki ya tatu ya Julai, si kwa uvivu wa mwenyewe bali kwa sababu nyumba ilipaswa kuchagua kati ya kupika na kumwagilia. Hilo linaniuma kila mwaka, kwa kuwa lingeweza kuhesabiwa mwezi wa Mei.

Kuna jambo jingine kuhusu maji ambalo halisemwi vya kutosha. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi: si chumvi ya baharini, lakini yana madini mengi kuliko maji ya mvua, na ukiyamwaga kila siku juu ya udongo mdogo uliofungiwa, maji huruka kama mvuke na madini hubaki. Baada ya miezi miwili ya kiangazi utaona ukoko mweupe juu ya gunia na hata kwenye nyuzi za ubavuni, na majani yataanza kuwa ya manjano katikati ya mishipa ingawa hujapunguza samadi. Tuta lenye lita 900 za udongo huchelewa sana kufikia hali hiyo. Anayelima kwa magunia na kumwagilia kwa maji ya ziwa afanye mambo mawili: asiongeze majivu ya jikoni, kwa kuwa nayo yana ukali wa aina ile ile, na mvua zinaporudi mwezi wa Septemba ayaache magunia wazi, yasifunikwe na paa, ili mvua iyaoshe hadi maji yatoke chini. Hapa ieleweke kwamba gunia lililojaa linazidi uzito wa mtu na halihamishwi na mikono miwili, kwa hiyo chagua mapema mahali ambapo paa haliingii.

Katika mvua nyingi za Machi hadi Mei mambo hugeuka kidogo. Gunia huchuja upesi, mizizi haiozi, na hapo lina nafuu juu ya tuta lililojengwa juu ya lava tambarare kama sakafu, ambako maji husimama chini na kunuka. Dawa ya tuta ni rahisi: kabla ya kumwaga udongo, tandaza tabaka la sentimeta 10 la kokoto za lava, zile nyepesi zenye matundu, ambazo kila parseli ya Goma inazo bila kununua.

Ujenzi

Juu ya kujenga sina mengi, kwa sababu yote mawili ni kazi ya siku moja. Kuta za tuta hupangwa kwa mawe makavu bila saruji, na kwa ndani hufunikwa kwa magunia yaliyochakaa ili udongo usivuje katika nafasi za mawe. Tuta lisizidi upana wa meta 1, ili mkono ufike katikati bila mtu kukanyaga ndani.

Gunia linahitaji uangalifu zaidi katika sehemu moja tu, nayo ni nguzo ya mawe ya katikati. Kopo kubwa lisilo na kitako huwekwa chini katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, sehemu mbili kwa moja, hushindiliwa kuzunguka kopo. Kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka mdomoni. Bila nguzo hiyo maji hubaki juu, na mashimo ya chini hupata vumbi tupu. Wenye kufuga simbilisi au sungura wana bahati, kwa kuwa mavi yake hayahitaji kuozeshwa muda mrefu kama ya kuku, ambayo yakiwekwa mabichi huunguza mizizi. Na kabla ya kununua magunia, kumbuka kwamba yale ya nailoni huliwa na jua: baada ya mwaka mmoja hadi miwili hupasuka ubavuni. Tuta la mawe halina umri.

Mboga gani, mahali gani

Lengalenga, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita mchicha, hukubali kila mahali, lakini ndiyo mboga iliyozaliwa kwa ajili ya gunia. Mizizi yake haihitaji kina kikubwa, hukua upesi, na wiki tatu hadi nne baada ya kupanda tayari kuna kitu cha kuweka kando ya bugali. Ubavuni mwa gunia usimwage mbegu. Otesha miche pembeni katika beseni lililotobolewa, uihamishe ikiwa na majani manne, jioni, baada ya kuloanisha udongo.

Karoti ni kinyume chake. Inataka udongo laini wenye kina cha sentimeta 25 au 30, usio na jiwe hata moja, kwa kuwa ikigonga jiwe hugawanyika miguu miwili au mitatu. Na haipendi kuhamishwa. Ubavuni mwa gunia haiwezekani kabisa. Katika tuta lililochekechwa hutoka vizuri baada ya miezi mitatu, ingawa mimi binafsi siilimi, kwa sababu karoti za Kibumba hufika sokoni zikiwa nzuri na hazinyauki njiani.

Hoja hiyo hiyo huniondolea shu ya kichwa, yaani kabichi. Kichwa kimoja hukaa shambani karibu miezi mitatu baada ya kuhamishwa, hutaka nafasi ya nusu meta kila upande, na huvunwa mara moja tu. Katika tuta la meta 3 za mraba utapata vichwa 12, na kwa siku 90 zote hutakula kitu kingine hapo. Anayeipenda shu apande ile ya majani isiyofunga kichwa, ambayo huchumwa majani ya chini kila wiki kwa miezi mingi, na mche wake mmoja juu ya kila gunia hutoa kivuli kizuri kwa mashimo yaliyo chini yake.

Mahali ambapo bustani ya nyumbani inalipa kweli ni kwenye viungo tunavyonunua kila siku kwa vifungu vidogo: seleri, puaro (liki) na vitunguu vya majani. Mama anayepika kila jioni hutoa fedha kidogo kila siku, na mwisho wa mwezi hajui zimekwenda wapi. Seleri ina uvivu wa kuota, hukaa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuonekana, na mbegu zake hazifukiwi bali hubonyezwa juu ya udongo kwa kuwa huhitaji mwanga; lakini ikishashika huvunwa mabua ya nje kwa miezi, na huvumilia kivuli cha ukuta. Kwa kuwa inapenda unyevu usiokatika, mahali pake ni tuta, upande wenye kivuli. Puaro nayo hukaa tuta, miezi minne hadi mitano, ikipandwa ndani ya mifereji midogo ambayo hufukiwa polepole ili shina liwe jeupe. Vitunguu vya majani havichagui.

Nyanya nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayowavunja moyo wengi. Goma iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi, na majani yanayolala na maji hushikwa na mildiu, ugonjwa wa ukungu, ambao huweza kumaliza mche mzima ndani ya siku chache. Wakati wa mvua, nyanya iwe juu ya gunia lililowekwa chini ya ukingo wa paa, ambapo mvua haiigongi; huo ndio wakati pekee ambapo ninapendekeza gunia likingwe dhidi ya mvua. Wakati wa kiangazi, kinyume chake, gunia huiumiza nyanya: maji yakija leo na kukosekana kesho, tunda hupata kitako cheusi kilichozama, ambacho wengi hukidhani ni ugonjwa na kukinunulia dawa, kumbe ni chokaa isiyofika kwenye tunda kwa sababu ya kiu. Nyanya ya Juni hadi Agosti iwe tuta, chini ya matandazo.

Kuvuna bila kupoteza

Mavuno ya gunia na ya tuta hayafanani, na tofauti hii huathiri idadi ya sahani kuliko mbolea. Katika tuta mtu anaweza kumwaga mbegu za lengalenga kwa wingi na kung'oa miche mizima akipunguza, wiki baada ya wiki. Ubavuni mwa gunia using'oe kamwe, kwa kuwa kila unapong'oa udongo humwagika katika shimo na mche unaofuata hukosa mahali pa kushika. Kata kwa kisu kikali, ukiacha shina la sentimeta 10 hadi 15 lenye vifundo viwili au vitatu, na kutoka katika vifundo hivyo yatatoka machipukizi mapya ya kukatwa baada ya wiki mbili hivi. Mara tu unapoona ncha ya ua, kata, hata kama hukukusudia kupika siku hiyo: jirani atapokea. Lengalenga iliyochanua huwa ngumu na majani yake hupungua.

Vuna asubuhi, kabla jua halijapanda, majani yakiwa bado yamejaa maji. Osha kwa uangalifu zaidi katika siku ambazo moshi wa volkano umeelekea upande wenu, kwa sababu mvua inayopita katika moshi huo huja na asidi na huacha madoa ya kuungua juu ya majani laini. Mboga yenye madoa machache huliwa. Iliyokauka nusu itupwe kwenye mboji.

Mpangaji, mwenye parseli, na anayetaka kuchimba

Mpangaji achague gunia, hata kama maji ni ya shida, lakini apunguze idadi: magunia matatu yaliyonyweshwa ni bora kuliko manane yenye kiu. Mwenye nyumba akimtaka atoke, udongo wake unarudi ndoo kwa ndoo juu ya chukudu na kwenda naye. Tuta la mawe katika parseli ya mtu mwingine ni zawadi kwa mwenye parseli. Pia kwenye ua ulio wazi, ambapo kuku wa jirani hupita, gunia lina heri, kwa kuwa kuku hufikia mzunguko wa chini tu, wakati tuta litachakurwa lote asubuhi moja likikosa wigo.

Mwenye parseli yake na nafasi ya meta 3, asiye na bomba la uhakika, ajenge tuta. Sioni sababu ya kusitasita hapo.

Wapo wanaopenda kuvunja lava kwa nyundo na tindo ili wafikie udongo wa zamani ulio chini. Mahali ambapo lava ni nyembamba kazi hiyo hulipa, na mawe yaliyovunjwa hujenga ukuta. Lakini mahali pengi unene wake unazidi meta 1, na jasho lote huishia katika jiwe. Tena upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa, kuelekea Bulengo na Sake, shimo lenyewe linaweza kuwa hatari: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ambayo tunaiita mazuku, ni nzito kuliko hewa na hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia, na imeua wanyama na watu. Katika maeneo hayo bustani ipandishwe juu, isishushwe chini, na mtoto asitumwe alfajiri kuchuma mboga katika bonde.

Kwa anayeanza bila fedha za ndoo 45 kwa mara moja, kuna njia inayounganisha yote. Aanze na magunia mawili mwezi wa Septemba, mvua zinaporudi, na kila miezi michache aongeze moja. Wakati magunia ya kwanza yatakapoanza kupasuka kwa jua, asiyashone. Apange mawe ya tuta pale pale yalipo, ayachane kwa kisu, na udongo wake, ambao kwa wakati huo umejaa mizizi iliyooza na mboji, ujaze tuta sentimeta baada ya sentimeta.